Ng'ombe wa Wifi

Wifi yake, Ng'washi, aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi ya mtendaji wa kata, Kabula alitazama viatu kwanza. Vipya tena. Mtu anatoka Bariadi mpaka Mwamanyili kwenye vumbi lote hili na viatu vyeupe! Moyo ukamchoma. Akamwomba Mungu amsamehe, kisha akautazama na mkoba.

Lakini siku hiyo alimhitaji. Binti yake Felisita alikuwa anaomba mkopo wa chuo, na maombi yalitaka mdhamini, pamoja na barua ya mtendaji kueleza kipato cha familia. Tangu mumewe Mboje afariki, hakuwa na wa kumtegemea ila huyu dada wa marehemu, mwenye duka mjini na karatasi za kodi zilizonyooka.

"Mwangaluka, wifi," Ng'washi alisalimu. "Umekonda, au ni gauni?"

"Mwangaluka. Ni gauni."

Ndani, mtendaji Masunga alisoma maombi, akavua miwani.

"Mama Felisita, hapa mmeandika familia haina uwezo. Mbona zizi lako limejaa? Tulipovisha ng'ombe hereni za usajili masikioni, wote waliandikwa kwa jina lako. Mimi nikiandika barua ya umaskini si nitaonekana mwongo?"

Kabula akainamisha kichwa. Ng'ombe walikuwa wa Ng'washi. Mjini hakuna malisho, ndiyo maana aliwaweka kwa kaka yake, kama Wasukuma wengi wafanyavyo: mwenye mali yuko kwingine, anayechunga anakunywa maziwa. Kaka alipokufa, wakabaki kwa Kabula. Siku ya hereni karani aliuliza, "Hawa wa nani?" na majirani wamesimama wanasikiliza. Kabula akawaza duka la wifi, akawaza anavyopishwa kiti cha mbele kanisani, yeye anayekuja kwa msimu. Akasema, "Wangu." Tangu hapo watu wakamwita mama mwenye ng'ombe, na jina hilo lilimnogea kuliko maziwa yenyewe.

Sasa akinyamaza, ng'ombe ni wake. Serikali imeshaandika, na Mboje hayupo wa kumpinga. Akageuka. Felisita alikuwa kwenye benchi, ameshika cheti chake cha kuzaliwa kwa mikono miwili, anamwangalia.

"Wa wifi," akasema.

"Sema kwa sauti, mayu, mama yangu, niandike," Masunga akamwambia.

"Wa Ng'washi! Wote. Mimi nachunga tu."

Ng'washi akamgeukia taratibu. "Kumbe uliwaandikisha kwa jina lako? Hata yule mweusi wa pembe moja?"

"Hata huyo."

Wifi akacheka, cheko la mtu aliyeshiba. "Masikini wewe! Ungeniambia unamtaka, ningekupa."

Afadhali angemtukana.

"Basi nitawahamishia Dutwa kwa shemeji yangu," Ng'washi akaendelea, akitoa kalamu mkobani, "wasije wakamharibia mtoto mkopo." Akasaini pa mdhamini bila hata kukaa. Masunga akaandika barua, akagonga muhuri.

Felisita akaruka kutoka kwenye benchi huku machozi yanamtoka.

"Asante shangazi! Umeniokoa, shangazi yangu!"

Akamkumbatia Ng'washi, akamng'ang'ania shingoni. Kabula akasimama karibu na mlango, mikono imelegea, akisubiri zamu yake.