Kanisa Lisilosikia Mvua

Tangu usichana wake Evodia alikuwa akipanda juu ya kanisa. Lilikuwa tembe, kama nyumba za zamani za huko Mgori: nguzo za msituni, fito, na udongo uliotandazwa bapa juu yake. Baba yake, Melkizedeki, na Wakristo wa kwanza walilijenga. Kabla ya mvua kila kaya ilileta udongo, Evodia akaukanyaga na kuziba nyufa. Wakati wa mavuno alianika huko mtama wa sadaka, na punje zilizobaki ziliota mvua ikija, kanisa likawa na nywele za kijani.

Sasa kando yake limesimama kanisa jipya la matofali na bati. Fabiano, mzee wa kanisa, alitangaza kwamba Jumatatu baada ya ufunguzi tembe litabomolewa, nguzo ziwe kuni.

"Shikamoo, mama," akamwambia Evodia. "Usinitazame hivyo."

"Marahaba. Nilibatizwa humo, nikaolewa humo, na mume wangu Isaka alitolewa humo kwenda kaburini. Nikiwataka watu wangu, nitaingia wapi?"

"Kwenye bati, mama. Bati halivuji; tembe linavuja."

Jumapili ya ufunguzi mvua ilishuka katikati ya mahubiri. Bati lilipiga kelele hata kwaya ikakosa kusikilizana. Mchungaji alifumbua na kufumba mdomo kama perege aliyetolewa ziwani. Evodia akainuka taratibu, kama mtu anayetembea usingizini, akakatiza mvua mpaka kwenye tembe.

Ndani kulikuwa na giza jororo lenye harufu ya vumbi na maji. Mvua ilisikika kwa mbali, kana kwamba inanyeshea kijiji kingine. Aliegemea nguzo. Juu ya kichwa chake aliona kama baba yake anakanyaga udongo, polepole, akiimba puani.

Jirani yake Rebeka akaingia, akikung'uta kanga. Kisha kwaya. Kisha mchungaji, Biblia kifuani. Fabiano aliingia wa mwisho, akakaa palipobaki. Mchungaji akaendelea kuhubiri bila kupaza sauti.

Tone likamdondokea Fabiano kwenye upara. Wanakwaya wakacheka.

"Si ulisema linavuja?" Rebeka akamchokoza. "Basi pokea baraka."

Fabiano akajifuta, akasikiliza kidogo.

"Linavuja," akasema, "lakini tunasikia. Mama Evodia, kesho hatubomoi. Wala keshokutwa."

 Evodia alikuwa amefumba macho, na maneno ya mchungaji yalimfikia moja moja, makavu, bila kuloa mvua.