Kwenye Karatasi za Jeshi Mimi Ndiye Niliyetoroka

(Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa upande wa Tabora. Jina lake na la kijiji chake tumeyaficha kama alivyotuomba.)

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wanne, na tunalima mihogo na karanga. Nilikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, miaka minne. Nilifika Burma, nikapigana, na mguu wangu wa kushoto mpaka leo una kipande cha chuma ambacho daktari alishindwa kukitoa. Nayasema haya mapema kwa sababu kwenye karatasi za jeshi sikufika huko. Karatasi zinasema mimi ni mtoro.

Kijijini kwetu tulikwenda kuandikishwa wawili siku moja, mimi na kaka wa binti niliyekuwa nimemchumbia, ambaye sasa ndiye mke wangu. Jina letu la ubatizo ni moja. Karani hakuwa na muda wa kuuliza ukoo wa mtu, basi jina la pili akatuandikia sote la mkubwa wa kijiji chetu. Namba zetu zikafuatana. Tukatia dole gumba kwenye wino, tukapanda treni kwenda pwani.

Kambini, tukingoja meli, shemeji alibadilika. Chakula chake alikuwa akiwapa wenzake. Alasiri moja tulipelekwa kukata kuni, akaniambia kwamba ile meli hawezi kuipanda, moyo umemkatalia kabisa. Sikumzuia. Nilirudi na mizigo miwili ya kuni, na sajenti aliponiuliza mwenzangu yuko wapi nikamjibu anakuja nyuma, tumbo linamsumbua. Walipogundua alikwisha kuwa mbali. Uongo ule sijausema popote, hata kwenye kitubio.

Niliporudi kutoka vitani nilikuta kwao shemeji wamekwisha kumkalia matanga, wakidhani amekufa. Nikaoa. Mwaka wa pili wa ndoa mke wangu akaniambia kaka yake yu hai. Alirudi kwa miguu kutoka pwani, kijiji kwa kijiji, njia ile ile babu zetu waliyopita na mizigo ya Waarabu, akaingia porini kuchonga mizinga ya nyuki. Ana jina jingine huko, ana mke na watoto watatu. Pori lenyewe sitalitaja. Wanaojua ni mke wangu, mama mkwe na mimi. Nilifurahi, nikanyamaza.

Kiangazi kilichopita nyumba yetu ya nyasi iliungua, na cheti changu cha kuachishwa jeshi kikaungua humo. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya ulinzi kwenye reli, wakataka cheti. Nikaenda boma kuomba kingine, karani akaniandikia barua. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, nikampelekea mwalimu wa misheni anisomee. Alilisoma mara mbili, kisha akainuka akafunga mlango wa darasa.

Barua ilisema mwenye namba yangu alitoroka kambini kabla ya meli kuondoka. Aliyekwenda Burma, akajeruhiwa mguu na kuachishwa kwa sifa njema, ni mwenye namba inayofuata. Yaani utoro wa shemeji waliuandika kwangu, na vita vyangu vyote wakaviandika kwake. Mimi ninaitwa boma kabla ya mwezi ujao kwisha, nitie dole gumba kwenye wino lilinganishwe na lile la siku ya kuandikishwa. Siku ya kuachishwa hatukutiwa wino. Kwa hiyo kidole changu mwenyewe ndicho kitakachosema mimi ni mtoro, na kovu la mguu watasema nimelipata kwingine.

Tangu siku hiyo sina raha. Baiskeli ikisimama njiani nadhani ni askari wa boma, naingia shambani, nakaa katikati ya mihogo mpaka nisikie imekwenda zake. Mtoto wangu wa pili aliniuliza namkimbia nani, nikamkaripia bure. Sajenti wetu, ambaye angenitetea, alifia Burma. Wenzangu wengine walikuwa watu wa Nyasa, sijui waliko.

Mke wangu alinishauri nikajiite mwenye namba ile nyingine. Nikamweleza habari ya kidole. Akasema, “Ukimtaja kaka, mama atamlilia mara ya pili. Na mimi hapa sitakaa.” Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angefoka.

Nikafunga safari ya siku mbili hadi porini kwa shemeji. Nilijua nitamkuta mkali, pengine atanitishia. Alinipokea vizuri, mkewe akatusongea ugali, watoto wakaniamkia shikamoo. Tulipobaki wawili nikamweleza yote. Alikuwa anachonga mzinga, akaweka tezo chini.

“Shemeji,” akaniambia, “mimi sina pa kukimbilia tena, nimechoka. Ukinitaja sitakukana. Naomba kitu kimoja tu, uniambie siku mapema, niwapeleke hawa kwa mama.”

Nilirudi nyumbani na mzigo mzito kuliko ule nilioondoka nao. Angenitukana ningekuwa na nguvu ya kumtaja.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mliokuwa Keya mnaozijua sheria zao, mtoro wa wakati wa vita hufanywa nini sasa vita vimekwisha? Na aliyemsaidia je? Nikisema kweli, wataniuliza nilijuaje, na nitaingia na mimi. Nikinyamaza, nitafungwa kwa kosa ambalo si langu. Nisipokwenda kabisa watakuja kunichukua mbele ya watoto. Nipeni la kufanya, siku zinakwisha. Majibu yaandikeni humu humu gazetini, msinitumie barua nyumbani. Mke wangu hajui kusoma, lakini mama mkwe anajua.