Shemeji Alining'iniza Baiskeli za Wazungu Kwenye Ngazi, Nami Nikanyamaza

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana watu wa kwetu Kosele wana macho marefu. Nina miaka sabini na sita, mjane, bibi ya wajukuu kumi na mmoja. Shule nilifika darasa la pili, na haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo asiniletee mtu habari za nukta na koma. Soma au pita.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka ishirini nilimshikia vyuma akichoma, mpaka chuma nikakijua kama unga wangu. Miaka ya tisini mwanzoni akafa. Hata udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake akaja akatundika koti lake kwenye mlango wangu, ati ndiye mrithi wangu sasa. Nililing'oa lile koti nikamtupia uani, kuku wakalikanyaga. Nilisema kurithiwa sitaki. Basi akanipokonya karakana. Aliniambia mbele ya wazee, "Mwanamke hashiki chuma. Ukitaka kula hapa, utafagia na kupika chai." Nilikuwa na watoto wanne. Nikafagia.

Siku moja wakaja wazungu wawili, mzee na mkewe, na lile gari lao lenye kitanda na jiko ndani, nyumba ya magurudumu. Walikuwa wanaelekea Migori wavuke mpaka kuingia Tanzania, na baiskeli zao mbili zilikuwa zinalala ndani, juu ya kitanda. Mama akasema kwa Kiswahili cha kuokota, "Sisi nataka keria ya nyuma, ya kubeba baiskeli. Baiskeli hapana lala na mimi tena." Tukacheka wote, hata shemeji.

Shemeji akazunguka nyuma ya gari, akaona ile ngazi nyembamba ya kupandia juu ya paa. Akasema ataning'iniza keria hapo, kazi ya asubuhi moja. Mimi nikainama chini kutazama. Gari la namna hiyo lina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, na kwenye barabara zetu za mashimo mkia huo unachapa kama wa ng'ombe mwenye kupe. Keria yake inataka kutoka chini kwenye chasisi, uti wa mgongo wa gari, vyuma viwili vinene, magurudumu ya baiskeli yakae kwenye mfereji wa chuma, na isizibe taa wala namba. Nikamwambia yule mzee, "Keria isiyonibeba mimi haibebi baiskeli yako. Nitaikalia kwanza." Mama mzungu akapiga makofi.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, yawa! Matako yako ndiyo mizani ya karakana siku hizi? Nenda ukachemshe chai, wenye kusoma tuzungumze." Kisha akawaeleza kwa Kiingereza, wakanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kichaa wa sokoni. Wakachagua yake.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilipopeleka chai nilishika ngazi ile kwa mkono. Ukuta ulibonyea kama andazi la moto. Mbao ya ndani ilikuwa imeingia maji, imeoza, skrubu zinashika uji. Nilifungua mdomo. Shemeji akasema, "Sukari iko wapi?" Nikaufunga. Nikaleta sukari. Vijiko vitatu, kama anavyopenda.

Keria ikafungwa, wakaondoka. Kabla ya kufika Rongo mkia ukachapa. Ngazi, keria na kipande cha ukuta vikang'oka pamoja, baiskeli ya mama na kile kipande cha ukuta vikasagwa chini ya lori. Jioni ile wale wazungu walirudi gari likivutwa, kitanda chao kinaonekana na barabara nzima. Mzee mzungu akatupa ile keria miguuni mwa shemeji. Soko lote lilikuja. Shemeji anatoka jasho, anasema, "Niliichoma vizuri, naapa niliichoma vizuri." Nikapita katikati ya watu, nikachukua miwani ya kuchomelea ya mume wangu kwenye msumari, nikamwambia, "Toka. Chai iko jikoni, jipakulie."

Nilitengeneza yangu siku mbili, kutoka chini kwenye chasisi, na tundu la ukuta nikaliziba kwa bati mwenyewe. Ilipokwisha nikaikalia mbele ya soko, nikaruka ruka juu yake na uzito huu wangu, nikaita, "Shemeji, njoo ukae, nafasi ni mbili!" Mpaka wauza samaki wa omena walilala chini kwa kicheko. Wiki hiyo akahamia Sindo. Koti lake aliliacha, na mpaka leo mafundi wangu wanapangusia grisi. Nilifurahi. Nitawadanganya kwa nini? Bado nafurahi.

Kitu kimoja ndicho huniuma. Keria ilipong'oka, kulikuwa na mama anapita na ndoo ya maji kichwani. Aliruka mtaroni, akavunjika mkono, na ule mkono haukunyooka tena. Nilimpelekea unga na kuku watatu. Akanishukuru, ati nina roho nzuri kuliko shemeji yangu. Nilikula matusi mengi maishani, hakuna lililonichoma kama asante hiyo.

Mwezi huu shemeji amerudishwa nyumbani, miguu imevimba, amelala kwa mwanawe, ua mmoja na mimi. Hakushika tena chuma tangu siku ile. Watoto wake walikua wakiitwa watoto wa fundi wa uji, ati kuchomelea kwa baba yao ni uji. Jana akatuma mtu: "Mwulize shemeji, kabla sijafa aniambie. Nilichoma vibaya, au gari ndilo lilikuwa na ubovu?"

Mimi peke yangu ndiye najua. Kuitundika pale lilikuwa kosa lake, hilo sifuti. Lakini mkono wake haukukosea. Ni maneno mawili tu: mbao ilioza. Nikiyasema, atauliza nilijuaje, na yule mama wa mkono atasikia. Nisipoyasema, ataingia kaburini bila kujua, na kusema kweli kuna upande wa moyo wangu unaotaka hivyo, unamwambia, kachemshe chai huko.

Wale wa "samehe tu, dani, bibi yetu" nyamazeni, hamkutundikiwa koti mlangoni. Ninyi wengine mlioonja, nishaurini haraka, kwa sababu usiku namsikia akikohoa: niende nimwambie, au niendelee kukaa juu ya keria yangu?