Mtaro Ulioishia kwa Nyamizi

Siku moja ya masika naikumbuka, mwanangu, ingawa sipendi kuikumbuka. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashamba yetu ya zamani upande wa Ipole, tukapangiwa kijiji kipya cha Ujamaa kando ya barabara, nyumba mistari kwa mistari. Kilipendeza kukitazama. Lakini palikuwa na mteremko, na dada yangu Nyamizi, mjane mwenye watoto wawili, alipewa kiwanja cha chini kabisa.

Mkutanoni tulikubaliana kuchimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua mtoni. Tulichimba vizuri mpaka uani kwa Mzee Kasanda, ambako jiko lake lilikuwa njiani. Akasimama mbele ya majembe.

"Hapa hampiti. Zungukeni."

Jirani yake naye akakataa. Basi tukaupindisha mtaro, tukauacha uishie nyuma ya nyumba ya Nyamizi.

"Jamani, maji yote haya mnaniletea mimi?" akauliza.

Mwenyekiti akamjibu, "Vumilia, dada. Tukishapanda tumbaku tutaumalizia."

Mvua haikutungoja. Ilinyesha tangu alfajiri, na mchana ukuta wa matofali mabichi ukalainika. Nyamizi alikuwa amekwisha kuwatoa watoto nje. Alirudi kuchukua mahindi, ndiyo chakula pekee walichobakiwa nacho, ukuta ukamwangukia. Tulimfukua kwa majembe yale yale.

Makaburini Mzee Kasanda alimsogelea baba yetu kumpa pole. Baba hakuupokea mkono wake.

"Mngeacha kuchimba kabisa, maji yangetawanyika," alisema mbele ya watu wote. "Ninyi mmeyakusanya, mkamwelekezea mwanangu."

Kesho yake Mzee Kasanda alilibomoa jiko mwenyewe, na mtaro ukafika mtoni. Watoto wa Nyamizi niliwalea mimi. Yule mkubwa hakuwahi tena kupata usingizi mvua ikinyesha.

Sasa nasikia mmegawiwa viwanja huko mjini, nyuma ya hospitali ya Kitete, na kila mtu anainua ukuta wake. Mwanangu, kabla hujachimba msingi, nenda pale mvua ikinyesha, utazame maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Kaa na majirani, mtenge njia ya maji kabla ya njia ya gari. Hiyo ya maji ikipangwa kupita kwako, ipishe, hata kama utapoteza kipande cha ua. Na ikiishia mlangoni kwa mnyonge, kataa, hata ukibaki peke yako.

Mungu akupe nyumba isiyoingia maji, na jirani yako wa chini aamke salama.