Nilivyofundisha troli za Mombasa kwa kiti cha hedimasta

Wakuu, salaam aleikum. Haya ni yangu mwenyewe, na nikitia chumvi mashahidi wapo, watanisuta humu humu.

Nianze na kosa. Somo langu la kwanza la historia nililiandalia chati moja. Nikaitundika ukutani, nikadhani nimemaliza kazi.

Mimi si mwalimu aliyepitia chuo. Nafundisha darasa la tatu katika shule ndogo karibu na Makadara, Mombasa, na kazi nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na video. Ndiyo maana naogopa kukosea kuliko mtu wa kawaida. Chati ile niliirudia mpaka kaka yangu akauliza, "Hiyo waipeleka posa?"

Somo lilikuwa troli. Kwa wasiojua: enzi zile reli ya bara inajengwa, na miaka kadhaa baadaye, wakubwa wa kisiwa hiki walipanda vigari vilivyopita juu ya vyuma vyembamba barabarani. Hakuna injini, hakuna punda. Vilisukumwa na watu, tena mbio.

Chati ilikuwa nzuri, wallahi.

Ila Rukia haoni mbali. Swabra husoma midomo, nami nilikuwa nikiongea nimeuelekea ukuta. Omari hawezi kukaa kitako. Nikauliza maswali, Rukia akakosa yote, Faiz akamcheka, darasa zima likafuata. Mtoto akaenda kwao akilia.

Asubuhi nyanya yake, Bi Zuhura, alinisubiri langoni.

"Mwalimu, mtoto huyu masikio mazima, miguu mizima, akili usiseme. Wewe umemtundikia ukuta! Akirudi na matozi tena, nitakaa naye nyumbani."

Akaniachia hilo, akaenda zake sokoni.

Nikaanza upya. Nikanunua kamba nene ya katani, nikaigandisha uani kama reli, ili mguu uisikie. Troli mbili: kiti cha hedimasta chenye magurudumu, na kingine cha jirani mwenye duka la kuchapisha. (Hedimasta alifundisha asubuhi nzima akiwa wima. Mola amlipe.) Badala ya firimbi, nikampa mmoja leso apunge, Swabra aone.

Rukia nilimpangia kuwa abiria, asije akajikwaa.

"Sitaki. Mimi nasukuma."

Bi Zuhura yuko langoni, mikono kiunoni. Nikaomba dua, nikakubali.

Rukia akavua viatu, akaikanyaga kamba, akaondoka na Swabra kitini, sawasawa kabisa. Omari alikuja upande wa pili akimsukuma Faiz, mbio, huku na huku kama kaa.

Wakakutana katikati. Hapo ndipo nilipopataka, maana wazee husimulia kwamba reli ilikuwa moja, na troli mbili zikikutana, ya mdogo wa cheo huinuliwa pembeni mkubwa apite.

"Shukeni!" Faiz akapaza. "Mimi ni Balozi!"

"Balozi gani na ndara za chooni?" Swabra akamjibu.

Rukia akapapasa kamba kwa kidole cha mguu mpaka kwenye kiti cha Faiz. "Balozi, troli yako iko nje ya reli. Shuka wewe."

Uwanja ulicheka, na safari hii hakuchekwa Rukia. Faiz mwenyewe alishuka akicheka.

Kisha Rukia, bado anahema, akaniuliza: "Mwalimu, hawa waliosukuma, na wao walipandishwa hata siku moja?"

Wakuu, kwenye maandalizi yangu yote hilo halikuwemo. Nilitaka kubuni jibu, nikamwona nyanya yake ananitazama.

"Sijui, Rukia."

Dunia haikuanguka. Omari akasema atamuuliza babu yake. Faiz akasema basi leo wapandishwe, akamkalisha Rukia kitini, akasukuma yeye.

Bi Zuhura akalifunga lango taratibu. "Kesho mwaanza saa ngapi?" akaniuliza.

Nilichojifunza: nilikuwa nikiitengeneza chati ili nisikosolewe, si ili watoto waelewe. Walimu mliomo humu, mwafanyaje mkiwa na watoto wa namna mbalimbali darasa moja? Na mwenye jibu la Rukia alete, bado twalitafuta.

Chati imebaki kabatini. Rukia yuko darasa la nne, na mimi nikiwa sijui, nasema sijui.