Shakwe wa Jicho Jeusi na Jina la Babu

Mwaka ule tulipokimbia vita kijijini kwetu Kibumba, nilipata kazi Himbi, kando ya ziwa, kwa profesa mmoja muzungu aliyekuja kuchunguza ndege wa ziwa. Nilimbebea vitabu na darubini, tukaangalia shakwe. Shakwe wa aina mbili, wa ukoo mmoja, na wote weupe! Wa kwanza ni wa huku kwetu: jicho lake jeupe, chini ya bawa amejaa kijivu. Wa pili anakimbia baridi ya Ulaya: jicho lake jeusi, na nyuma ya jicho ana doa dogo kama la masizi. Kwa ndege mmoja tulikaa juu ya mawe asubuhi nzima. "Usiharakishe," profesa aliniambia, "tusimwandike vibaya."

Asubuhi hiyohiyo, kule kambini Kanyaruchinya, mama yangu alifutwa kwenye orodha ya msaada kwa dakika moja.

Jamaa yetu nzima ilikuwa imeandikwa kwa jina la babu, baba mkwe wake mama. Karani akamwuliza, "Bwana ya nyumba anaitwa nani?" Mama akanyamaza. Kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake, hata akipigwa. "Weye ni muongo," karani akasema. "Unakuja kuiba bashi ya wengine." Bashi ni ile turubai ya kufunika kibanda. Babu alikuwa mgonjwa, analala chini ya majani yanayovuja, anakohoa tu.

Jioni mama alinisimulia. Wajinga hawa! Ndege anatazamwa jicho mpaka saa sita, mama yangu hakutazamwa hata uso. Na yule shakwe mukimbizi, nani alimwuliza jina la bwana wa nyumba?

Kesho yake sikwenda kazini, nikaongozana na mama. Nikamtajia karani jina mimi mwenyewe. Akakataa. "Aseme yeye, na kinywa yake." Nilitaka kumrukia. Mama akanishika mkono, akainama, akalitamka mbele ya foleni nzima. Akalirudia kwa sauti, maana karani alidai hakusikia. Wanawake wa kwetu wakageuza nyuso.

Bashi tulipewa, babu akalala pakavu. Lakini mama, aliyempakulia chakula tangu siku alipoolewa, hakumpelekea tena. Alinituma mimi, na yeye akawa anazungukia nyuma ya kibanda wasionane. Kila nilipoweka sahani, muzee aliniuliza yeye amemkosea mama nini.