Kadi Iliyofukizwa Udi

Nikiikumbuka ile rejista ya kadi za mpira, zile za picha za wachezaji, mpaka leo moyo unanijaa. Tulikuwa tunakaa Sib, Omani, miaka ile intaneti ndiyo kwanza inaingia majumbani, na ukiifungua simu ya nyumba nzima inakufa. Kaka yangu alikusanya kadi za golikipa mmoja tu. Akanionesha seti nzima ya kipa huyo kwenye rejista ya mtandaoni, ya huko Marekani, wanakoorodhesha wakusanyaji kadi zao: kila kadi na nafasi yake. Sharti wataalamu wao waipime kadi yako, waipe alama, waifunge kwenye kasha la plastiki, ndipo nafasi yako ijae. Isiyopimwa haihesabiwi, hata ing'are vipi. Na kadi isiyowekewa nafasi ni kama haijazaliwa.

Kadi aliyoipenda kaka kuliko zote ilikuwa ya namna hiyo. Ilitoka kwenye pakiti ya biskuti zilizouzwa huku Ghuba tu, nyuma imeandikwa Kiarabu. Aliwaandikia kwa Kiingereza chake cha kubabaisha, akaomba kadi yake nayo iwekewe nafasi. Wakataka picha. Wakusanyaji wa nchi nisizozijua wakabishana: ni kadi kweli hii, au tangazo la biskuti? Watu wazima, wanagombania kikaratasi cha Sib! Nilisoma mdomo wazi. Mwisho wakakubali, nafasi ikafunguliwa.

Ikabaki kadi yenyewe kupelekwa kupimwa. Kaka alikwenda kununua bahasha. Aliporudi, sebule imejaa moshi, na bibi yetu ameishika kadi juu ya chetezo cha udi.

"Bibi! Wafanya nini?"

"Si umesema yenda Marekani? Msafiri hatoki nyumbani kwangu bila ya kufukizwa, apate kurudi salama. Njoo na wewe, wanuka jasho."

Kaka aliifuta kwa ncha ya kanzu, akaipeleka posta hivyo hivyo.

Baada ya miezi ikarudi, haina alama wala kasha. Wameandika kuwa karatasi imeingia mafuta, haipimiki: ule udi wa bibi. Tukafungua rejista. Nafasi ipo, jina la biskuti limeandikwa, na mbele yake patupu. Tukatazama seti za wakusanyaji wenzake, hata za wale vinara: patupu. Dunia nzima sasa inaitafuta kadi iliyokuwa mapajani mwa kaka.

Bibi akauliza, "Wamekubali?"

"Nafasi wameiweka, bibi. Kadi ndiyo imerudi."

"Imerudi salama?"

Kaka akainusa. Akaanza kucheka, macho yamelowa. "Salama, bibi."

"Basi. Udi wangu nnaujua mie."